Kichupa cha Dozi Kumi, Mtoto Mmoja

MAONI YETU

Mama wa Kendwa, kaskazini mwa Unguja, anayefanya usafi hotelini ana siku moja ya mapumziko kwa wiki. Siku hiyo ndiyo ya kufua, ya kuwatazama wazee na ya kumpeleka mtoto kliniki. Mtoto ametimiza miezi tisa, anadaiwa surua. Wanafika asubuhi, kadi inasomwa, mtoto anapimwa uzito, kisha mama anaambiwa: leo mmekuja wawili tu, rudi Alhamisi mtakapokuwa wengi. Alhamisi yeye yuko kazini.

Chanjo ipo. Jokofu linafanya kazi. Muuguzi yupo na kazi yake anaijua. Waliokosekana ni watoto wanane.

Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa cha dozi 10. Ukishauchanganya na maji yake una saa sita tu, au mpaka kliniki ifungwe, lolote litakalotangulia, kwa sababu haina kihifadhi cha kuzuia vijidudu. Kinachobaki ni cha kumwaga. Kwa hiyo muuguzi anayekifungua kichupa cha surua kwa ajili ya mtoto mmoja anamwaga dozi tisa, na mwisho wa mwezi lazima aandike kiasi kilichopotea. Mkubwa wake atauliza. Kuhusu mama aliyerudishwa nyumbani, kwa kawaida hakuna anayeuliza.

Sisi tunasema kichupa kifunguliwe, hata kwa mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema hivyo kwa miaka mingi kuhusu surua, kwa hiyo hatujazua jambo. Dozi moja ya chanjo hii hununuliwa na UNICEF kwa chini ya dola moja. Kichupa kizima basi hakifiki dola 10, fedha ambayo ufukweni Kendwa humalizwa na bilauri moja ya kinywaji chenye mwavuli wa karatasi. Mtoto mmoja akilazwa kwa surua, na nimonia ikamfuata, gharama yake haina ulinganifu na hiyo.

Yatasemwa maneno mawili dhidi yetu, na yote yana uzito. La kwanza, ukifungua ovyo, akiba inakwisha kabla ya mwezi. Kweli, kama maombi ya chanjo yanaendelea kupigwa kwa hesabu ya zamani. Ndiyo maana kiwango cha upotevu kinachokubalika kipandishwe kwenye hesabu yenyewe, juu huko, muuguzi asiachiwe kubana peke yake chini. La pili, vichupa vya dozi tano vipo sokoni, mbona tusivichukue? Tuvichukue, hasa kwa vituo vidogo, lakini tujue kwamba dozi yake ni ghali kidogo na hula nafasi zaidi ndani ya jokofu. Nafasi hiyo lazima itafutwe kwanza.

Tunaanza na kichupa kwa makusudi, kwa sababu teknolojia ya chanjo ikitajwa siku hizi watu hutazama juu, wakisubiri ndege. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ndege zisizo na rubani zingesambaza dawa Tanzania, kuanzia Dodoma mwaka uliofuata. Hazikuja. Mwaka 2018 ndege ya Kijerumani ikafanyiwa majaribio kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Jaribio likasifiwa, likaisha. Hatuzibezi ndege hizo: Rwanda zinapeleka damu tangu 2016, Ghana zinapeleka chanjo na dawa tangu 2019, na visiwani kwetu ndege zisizo na rubani ziliwahi kupiga picha Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani. Lakini kutoka mjini hadi Kendwa nako ni kama kilomita 60, na ni lami. Daladala ya 116 inakwenda na kurudi kutwa, na abiria, na magunia, na kuku. Aliye na fedha za kununua ndege moja, atuletee kwanza vipuri vya majokofu.

Zanzibar ina somo lake yenyewe kuhusu namna chombo kinavyoweza kuibeba au kuikwamisha chanjo. Mwaka 2009 ilifanyika kampeni ya chanjo ya kipindupindu katika maeneo yaliyokuwa yakisumbuliwa sana: Chumbuni hapa Unguja, na vijiji kadhaa vya Pemba. Ilitumika Dukoral, chanjo ya kunywa. Kila dozi ilitaka unga wa kupunguza asidi ya tumbo, uchanganywe ndani ya maji safi, mililita 150 kwa mtu mzima, kisha wiki mbili baadaye mtu arudi anywe tena. Hebu fikiria: unakwenda mahala penye kipindupindu kwa sababu maji yake si salama, na kitu cha kwanza unachotakiwa uwe nacho ni maji salama ya kutosha watu maelfu. Yakabebwa. Walilengwa watu 48,178. Waliokunywa dozi zote mbili walikuwa 23,921, yaani nusu. Hao nusu walipata kinga ya karibu asilimia 79, na hata majirani zao ambao hawakunywa walinufaika.

Hatusemi ndoo za maji ndizo pekee zilizowazuia nusu nyingine. Watu wana kazi, wana safari, wana shaka zao. Ila miaka iliyofuata wataalamu walikaa wakaufikiria mzigo wenyewe. Zikaja chanjo za kipindupindu zisizohitaji unga wala maji, kwanza ndani ya vichupa vya kioo, kisha, mwaka 2017, ikaidhinishwa iliyofungwa ndani ya kijibomba cha plastiki. Dozi ni mililita moja na nusu. Unakata ncha, unakamua mdomoni, umemaliza. Lori lililojaa likawa boksi la kushika mkononi. Aliyefanya hivyo hakupigiwa makofi popote, na ndiye aliyerahisisha kazi kuliko wote.

Njoo kwenye umeme. Unguja inajua giza. Mwezi Mei 2008 waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara uliharibika, kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Desemba 2009 ukaharibika tena, safari hii mpaka Machi 2010. Hoteli za kaskazini ziliunguruma majenereta. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, na tangu hapo hali si ile tena, lakini umeme wa kukatika jioni na kurudi usiku wa manane bado tunao, na kituo cha afya nacho hununua umeme wa Tukuza, wa kulipia kabla, kama nyumba nyingine. Uniti zikiisha Ijumaa jioni, jokofu halijui kuwa kesho ni mapumziko.

Dawa ya hili ipo na haina maajabu. Jokofu la chanjo lenye kuta za barafu huridhika na saa nane za umeme kwa siku, na yaliyo bora hushika baridi siku kadhaa umeme ukiwa haupo. Lile la jua la siku hizi halina hata betri: jua hugandisha barafu mchana, barafu hulinda chanjo usiku, na siku tatu za mawingu huzivumilia. Majokofu ya jua ya zamani yalikuwa yakifa kwa sababu ya betri zake, na kununua betri mpya hakukuwa kwenye bajeti ya mtu. Tangu miaka ya karibuni Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, imekuwa ikigharimia majokofu haya katika nchi kama yetu. Kinachotutia wasiwasi ni mwaka wa tano, feni ikigoma na fundi wa karibu akiwa anajua friji za soda tu.

Tena joto si adui pekee. Kichupa cha chanjo kina alama ndogo, duara la zambarau lenye mraba mweupe katikati. Joto likizidi, mraba unakolea. Ukifanana rangi na duara lake, kichupa hakitumiki. Ni kitu kizuri mno, kila muuguzi anakisoma kwa kutupa jicho. Lakini alama hiyo inasema juu ya joto tu. Kuganda haikuoneshi. Na zipo chanjo zinazoharibika zikiganda: ya pepopunda, ya homa ya ini, ile ya magonjwa matano kwa pamoja, ya mlango wa kizazi wanayopewa mabinti. Zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Tathmini ya tafiti nyingi iliyochapishwa 2017 ilikuta kama theluthi au zaidi ya vipimo vya hifadhi vikishuka chini ya hapo, katika nchi tajiri na maskini vilevile.

Kosa lenyewe hutokea alfajiri, kwa nia njema. Timu inatoka kwenda vijijini, mtu anazitoa pakiti za barafu kwenye friza, ngumu kama jiwe, anazipanga ndani ya kibebeo, anaweka vichupa, wanaondoka. Sahihi ni kuziacha mezani mpaka zitoe jasho, ukiitikisa pakiti usikie maji yakicheza ndani. Hilo linataka muda, na gari limeshapiga honi. Siku hizi vipo vibebeo vyenye ukuta wa ndani unaokinga vichupa visiguse barafu hata uipange vipi. Bei yake imezidi kidogo. Tungependa kila kituo cha Wilaya ya Kaskazini A kiwe navyo kabla hakijapewa kishikwambi kingine.

Kisiwa cha Tumbatu kiko pale, ng'ambo ya Mkokotoni, unakiona kwa macho. Kufika ni kwa mashua tu. Mashua inataka mafuta, nahodha na bahari iliyotulia. Kusi likivuma, ratiba ya chanjo husubiri. Na watu wa kaskazini ni wavuvi wa dago. Familia huhamia kambi wiki hata miezi, ikifuata samaki, na mtoto aliyepata surua ya kwanza Nungwi ile ya pili ya miezi 18 inamkuta Pemba au bara. Hapo ndipo simu inapofaa kweli. Wahudumu wa afya ya jamii kupitia mpango wa Jamii ni Afya tayari wanazo simu na orodha za kaya. Sheha naye anajua nani amehama na nani amehamia, wakiwemo vijana wa bara waliokuja kufanya kazi hotelini na watoto wao wenye kadi za mikoa mingine. Rekodi ya mtoto imfuate alipo. Kadi ikilowa maji ya bahari, asihesabiwe kama hajawahi kuchanjwa.

Kuna habari njema inayokuja kutoka Gambia. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la chanjo ya surua na rubela iliyo katika kibandiko chenye vijisindano vidogo sana, kinachobandikwa mkononi kwa dakika chache. Watoto walipata kinga sawa na wa sindano. Kibandiko kimoja, mtoto mmoja, hakuna cha kuchanganya wala cha kumwaga. Siku kitakapofika Kendwa mjadala wetu wa kichupa utakuwa umekwisha. Bado ni miaka, na mtoto wa miezi tisa hasubiri miaka.

Wala fedha za wenzetu hazisubiriki. Juni 2025, mjini Brussels, Gavi iliomba dola bilioni 11.9 kwa miaka mitano inayofuata, ikaahidiwa bilioni 9 na ushei, na Marekani ikasema haitoi tena. Pengo hilo litatufikia, na kwa kawaida bajeti ikibanwa hukatwa vile visivyozinduliwa kwa utepe: mafuta ya mashua, posho ya fundi, feni ya jokofu.

Waziri wa Afya atakaposimama Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kusoma makadirio yake, Wawakilishi wa kaskazini wamuulize mambo machache ya wazi. Kifungu cha matengenezo ya majokofu ya chanjo kina shilingi ngapi, na mwaka jana zilitoka ngapi? Mafundi wenye ujuzi huo ni wangapi Unguja, na wangapi Pemba? Boti ya kupeleka chanjo Tumbatu inatiwa mafuta na nani? Na waraka wa kuwaambia wauguzi wafungue kichupa kwa mtoto mmoja, bila kuogopa kuitwa na mkubwa, utatoka mwezi gani?