Zebaki Usoni, Maradhi Mafigoni



Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mombasa hadi Meru, kisha Embu, kumzuru binti wa ndugu yangu aliyeolewa huko mwaka jana. Kwa idhini yake nawasimulia maradhi yake, yawe nasaha kwa mabinti zetu na mama zao.

Alianza kwa kuamka macho yamevimba. Nyumbani Meru wakasema ni baridi. Wengine wakasema ni jicho la hasidi. Ikifika jioni uvimbe huteremka miguuni, na akibonyeza kwa kidole hubaki shimo. Mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Maumivu hakuwa nayo, na hapo ndipo penye hatari, kwani asiyeumwa huchelewa kumwendea tabibu. Alipokwenda Embu kwa wakwe zake ndipo alipopimwa mkojo, ukaonekana umejaa protini.

Daktari alimwuliza, "Wajipaka nini usoni?" Akajibu, "Sijipaki kitu." Akamwuliza tena, jibu likawa lile lile, kwa kuwa mavyaa wake alikuwa ameketi kando. Daktari kwa hekima akamwomba yule mama atoke kidogo, akauliza mara ya tatu. Binti akafungua mkoba, akatoa kopo la krimu lisilo na maandishi, alilolinunua kabla ya harusi na ambalo hakuacha kulitumia.

Baadaye alipelekwa Nairobi, akatolewa kipande kidogo cha figo kwa sindano, kikatazamwa kwa hadubini. Maradhi yake huitwa membranasi nefropathi.

Tufahamu maana yake. Kila figo lina vichujio vidogo mno, takriban milioni moja, na kuta zake huzuia protini isitoke katika damu. Katika maradhi haya kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, humkosea adui. Kingamwili hujikusanya upande wa nje wa utando wa vichujio. Utando hunenepa, nao huvujisha protini. Protini ikipungua katika damu, maji hutoka mishipani yakajaa chini ya ngozi. Damu nayo huwa rahisi kuganda ndani ya mishipa, na mgonjwa akipuuzwa, figo zaweza kushindwa kazi kabisa.

Maradhi haya ni adimu, na wengi wanaoyapata hawakujipaka chochote. Lakini kimojawapo cha vichocheo vyake tunakinunua kwa pesa zetu wenyewe, nacho ni zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi. Jambo hili si jipya. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 waliokuwa na uvimbe na mkojo wa namna hii. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu zenye zebaki. Baadhi yao walipona walipoziacha. Shirika la Viwango la Kenya limezipiga marufuku, na bado zauzwa.

Binti aliniambia, "Ami, niliona haya. Niliogopa watasema rangi yangu si yangu." Maneno hayo yalinichoma, kwani siku ya harusi watu walipousifu weupe wake, nami nilisema mashaallah pamoja nao.

Wazee wetu walimpamba biharusi kwa singo na liwa, wala hawakumbadili. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Rum amezitaja tofauti za rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake, na fiqhi yetu haimruhusu mtu kuidhuru nafsi yake. Basi kopo lisilotaja vilivyomo lisiingie nyumbani, na somo asimpake mwari asichokijua. Aliyekwisha kutumia na aache leo, apimwe mkojo, na amwambie daktari kweli yote. Nasi tunaowasindikiza wagonjwa, tujue wakati wa kutoka chumbani.

Binti yetu ameacha krimu na anatumia dawa. Uvimbe umepungua, protini ingali ikitoka, ila si kama mwanzo. Mwombeeni shifaa.

Wabillahi tawfiq.