Kidonda Hiki ni cha Nani?

Tangu tutangaze mada ya toleo hili, malipo ya hospitali, barua zimemiminika, karibu zote na kilio kimoja: bima zinakata pesa za hospitali. Ni kweli zinakata, na tangu sheria ya 2015 ilipoivunjia SONAS, shirika la bima la serikali, ukiritimba, wakaguzi wa mafaili wameongezeka. Ila nimechoshwa na mjadala unaojua mlipaji mmoja tu, katika mji huu wa Lubumbashi, ambao hesabu ya hospitali hulipwa zaidi na mama muuza makaa wa mtaa wa Katuba.

Wenzetu wanapenda kutuletea Marekani. Haya, tuende nao. Tangu tarehe 1 Oktoba 2008, Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee, hailipi nyongeza kwa kidonda cha kulalia cha daraja la tatu au la nne kilichoanzia wodini. Hasara ni ya hospitali. Kwetu tunatoza kila siku ya kitanda na kila bandeji, kwa hiyo mshono wa upasuaji ukioza mikononi mwetu, sisi ndio tunaopata. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anaongezewa siku, siku zinazaa deni, na deni linamfungia mlango. Uchunguzi wa 2019 kuhusu kina mama na vichanga waliozuiliwa katika hospitali kubwa ya mkoa hapa Lubumbashi tumeusoma sote. Swali langu ni dogo: katika deni la namna hiyo, kiasi gani ni cha ugonjwa aliokuja nao, na kiasi gani ni cha ugonjwa tuliompa? Hatuna jibu, kwa sababu hatukuandika.

Au tuliandika hivi: mgonjwa anatetemeka chini ya vitenge viwili, fishi ya joto inasema 37, 37, 37, mwandiko mmoja, wino mmoja, yote yamejazwa alfajiri kwa mkupuo. Nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, peke yangu na vitanda arobaini. Ndiyo, mwandiko ule ni wangu.

Ninachodai ni mistari miwili. Siku ya kupokelewa: ngozi ya kiuno na visigino ikoje, sonde ya mkojo imewekwa lini. Siku kidonda kinapoonekana: tarehe na saa. Kidonda ambacho mstari wa kwanza haukukiona, hospitali ikibebe. Wakuu wa wodi wananiambia muuguzi atajichimbia kaburi kwa kalamu yake. Limekwisha kuchimbwa, wakubwa: kidonda kisicho na tarehe huangukia zamu ya mwisho.

Katika toleo hili, makala ya Dar es Salaam kuhusu mvutano wa Machi 2024 kati ya hospitali binafsi na NHIF, mfuko wa bima ya afya wa Tanzania, inafaa kusomwa polepole. Ya mutueli, vyama vya kusaidiana kulipia matibabu, baada ya sheria yetu ya Februari 2017 ina subira kuliko mimi. Ya mafaili ya kompyuta itatufaa siku umeme utakapopenda.

Kwenye ukurasa wa mwisho tumechapa mistari yangu miwili. Uikate, uibandike kwenye fishi ya mgonjwa wa kwanza utakayempokea kesho.