Mteja naye ahesabiwe

Kila unapofanyika msako wa wanawake wanaouza ngono, picha nyingi zinazotufikia ni zao wao. Wanapandishwa kwenye karandinga, wanajifunika nyuso kwa viganja, na baada ya siku chache tunasikia wamesomewa mashtaka. Mwanamume, ambaye bila fedha yake biashara hiyo isingedumu hata wiki moja, aghalabu hayumo kwenye simulizi. Sheria nayo imemkinga. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtaja kahaba anayezurura au kushawishi watu hadharani, inamtaja mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba, na yule anayeng'ang'ania watu hadharani kwa nia ya uasherati. Mtu mzima aliyelipa kimya kimya, akapata alichotaka akaondoka, hana kosa linalotajwa wazi kwamba ni lake. Mipango ya UKIMWI inawahesabu wanawake hao kuwa kundi lenye hatari kubwa, inawapima na kuwafuata hadi mitaani, ilhali mteja anaachwa ajijue. Hoja yangu ni kwamba kwa kumwacha hivyo tumemkabidhi kwa walimu wengine, yaani wateja wenzake, na darasa lao lina nguvu kuliko bango lolote la serikali. Tusipoingia katika mazungumzo hayo ya wanaume, tutaendelea kuhangaika na upande mmoja wa jambo lenye pande mbili.

Tabora ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu ni mji uliokuzwa na wapita njia. Katikati ya karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo ilikutana hapa Unyanyembe, kama eneo la Tabora lilivyoitwa, kabla ya kuachana, mingine ikielekea Ujiji na mingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Wavumbuzi wa Kizungu Burton na Speke walifika mwaka 1857. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, karibu na mji, mwaka 1872. Nyuma ya wageni hao walioandika vitabu, na nyuma ya matajiri wa pembe za ndovu, walikuwapo wapagazi kwa mamia, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani. Mpagazi mgeni hakupewa ramani. Alifundishwa na waliotangulia: maji yapo wapi wakati wa kiangazi, mtemi yupi anadai hongo, yaani ushuru wa njia, na ya nguo ngapi, wapi chakula ni rahisi, wapi usipite peke yako. Ilikuwa elimu ya mdomo, ya watu waliokuwa mbali na kwao, na ilifanya kazi kwa sababu mwenzako aliaminika kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha binadamu waliouzwa. Wanawake na wasichana walinunuliwa Tabora na Ujiji, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Sisemi kwamba mwanamke mzima anayeuza ngono leo ni mtumwa; wengi wangechukia kuitwa hivyo, na wangekuwa na haki. Ninachosema ni kwamba barabara hii ina historia ndefu ya msafiri mwenye mali kukutana na mwanamke asiye na nguvu ya kukataa, na historia ya namna hiyo haifi kwa sababu tu usafiri umebadilika.

Na usafiri umebadilika kweli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Sasa kuna ujenzi wa reli ya kisasa na kambi zake za wafanyakazi. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yanapita Igunga na Nzega kwenda Isaka, kisha Rwanda na Burundi. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui kuna tumbaku, zao linalomlipa mkulima kwa mkupuo baada ya miezi mingi ya kukopa. Nzega kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hawa wote, dereva, taniboi, fundi wa reli, mchimbaji, mkulima aliyelipwa jana na chama chake cha msingi, wanafanana kwa jambo moja: fedha huja kwa wingi kwa siku chache, na siku hizo humkuta mtu ugenini, au akiwa na sababu ya kulala mjini.

Hapo ndipo darasa linapoanza. Kijiweni, kwenye foleni ya mizani, chini ya mwembe, na siku hizi kwenye magrupu ya simu, wanaume hupeana maelekezo: gesti ipi haina maswali, bei ni ngapi kwa saa na ngapi hadi asubuhi, baa ipi polisi hupenda kupita, yupi ameshawaibia watu simu, namna ya kuficha fedha usiingizwe mjini. Gesti nyingi za njiani zina daftari la wageni lenye safu za jina, kabila, kazi, utokako na uendako. Mwanamume anajaza safu hizo saa mbili usiku. Mwanamke anayeingia saa tano mara nyingi haandikwi popote. Likimpata la kumpata chumbani, akapigwa, akanyimwa malipo au akalazimishwa kuvua kinga, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alikuwapo. Wateja wanalijua hilo vizuri. Ni sehemu ya elimu yao, ingawa hawaitamki kama somo.

Yaliyobaki katika elimu hiyo ni hatari tupu. Utasikia kwamba mwenye mwili mnene ni mzima. Utasikia kwamba kondomu mbili kwa pamoja zinakinga zaidi, wakati kusuguana kwake kunaweza kuzipasua. Utasikia kwamba kuoga haraka kunatosha, na kwamba ukiongeza fedha unapewa peku, kana kwamba kilichouzwa hapo ni cha mwanamke peke yake na si afya ya mke aliyebaki Kaliua. Baya kuliko yote ni lile la kwamba msichana mdogo ni salama kwa kuwa hajatembea na wengi. Ushauri huo humpeleka mwanamume moja kwa moja kwenye ubakaji. Sheria yetu, tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, haitambui ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 ambaye si mke wa mwanamume huyo, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Fedha haibadilishi lolote. Anayempa mwenzake ushauri huo anamshawishi atende kosa la jinai, na yule msichana, ambaye pengine ametoka kijijini kuja kufanya kazi za ndani au kuuza baa, hukumu ya miaka 30 haimrudishii alichopoteza.

Je, mazungumzo ya wateja yanaweza kubadilishwa? Mfano mkubwa unatoka Thailand. Mwaka 1991 nchi hiyo ilieneza kote mpango wa kondomu kwa kila tendo la ngono ya kulipia. Serikali iligawa kondomu bure, ikawabana wenye madanguro, na ikawaambia wanaume waziwazi, kwa redio na televisheni, nini kinawangoja wasipozitumia. Matumizi ya kondomu katika biashara hiyo yalipanda kutoka asilimia 14 mwaka 1989 hadi asilimia 94 mwaka 1993, na wanaume waliougua magonjwa makuu ya zinaa walipungua kwa karibu asilimia 80. Mpango huo ulikuwa na doa: uliwategemea mno polisi na wenye nyumba, na wanawake hawakuulizwa sana. Lakini ulithibitisha kwamba mwanamume anayenunua ngono anabadilika akiambiwa ukweli naye akakuta wenzake wote wanaufuata. Hapa kwetu, miaka ya mwanzo ya UKIMWI, shirika la afya la AMREF lilifanya kazi kwenye vituo vya malori vya barabara kuu ya kwenda Zambia, likiwafuata madereva na mataniboi pamoja na wanawake wa vituo hivyo. Na Mwanza, jirani zetu, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Hakuna aliyeulizwa kwanza kama ni mwema au mwovu. Alitibiwa.

Watakaopinga wana hoja, na ya kwanza ina uzito katika mji wenye misikiti na makanisa ya zamani kama Tabora: kuzungumza na mteja ni kumhalalishia zinaa. Naiheshimu hofu hiyo. Lakini shehe na padri wana kazi ya kumwambia mtu aache, na hakuna anayewazuia. Mganga wa zahanati ana kazi nyingine, na huifanya kila siku kwa mlevi mwenye ini bovu bila kuonekana anasifu pombe. Mwanamume aliyekwisha kununua hawezi kurudisha usiku nyuma. Anachoweza ni kuwahi hospitali ndani ya saa 72, muda ambao dawa za kuzuia maambukizi bado zinaweza kumsaidia. Ukimya wetu unamnyima habari hiyo yeye, na unamnyima mke wake ambaye hakufanya kosa lolote.

Hoja ya pili inatoka upande mwingine kabisa. Inasema: basi mkamateni mnunuzi, kama Sweden ilivyoanza kufanya mwaka 1999. Inavutia, maana inaonekana kuirudisha haki mahali pake. Mimi siikubali kwa mtu mzima na mtu mzima mwenzake, na sababu yangu ni hali halisi ya barabara zetu. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2013 jinsi polisi nchini walivyowapiga, kuwabaka na kuwatoza fedha wanawake wanaouza ngono. Mpe askari wa aina hiyo kosa jipya la kumtishia mteja, naye atapata mfuko wa pili wa kuchukulia fedha, huku mwanamke akisukumwa kwenye vichochoro vya giza zaidi ili mteja asionekane. Watafiti walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2014, wakitumia hesabu zilizohusisha pia Mombasa, walikadiria kwamba kuifuta jinai katika biashara hiyo kungeepusha kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya kwa wanawake hao na wateja wao katika miaka kumi. Nguvu ya polisi ielekezwe kwa anayenunua mtoto, anayepiga, anayebaka na anayewasafirisha wasichana kwa hila. Kwa hayo sheria tunazo, ikiwamo ile ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu.

Wapo pia wanaosema kwamba wanaume wakifundishwa watakuwa tu wanunuzi wajanja zaidi, wenye afya yao na ubinafsi wao uleule. Hoja hii ndiyo inayonisumbua, kwa sababu ina ukweli. Ushauri unaomlinda mteja peke yake ni mwendelezo wa ule wa kijiweni, umevaa koti jeupe tu. Kwa hiyo somo lenyewe lazima liwe na mambo ambayo vijiwe haviyasemi: kwamba akisema hapana katikati, ni hapana, kwamba kuvua kinga kwa siri ni kumdhulumu, kwamba malipo mliyokubaliana ni deni, kwamba ukimwona msichana wa umri wa shule katika chumba cha jirani, kunyamaza ni kushiriki. Nani atayasema? Afisa wa wizara aliyetoka Dodoma na vipeperushi vyake hatasikilizwa. Atasikilizwa dereva mwenzake, mchimbaji mwenzake, mnyapara wake. Nyanda hizi zina hazina ambayo hatujaitumia, nayo ni utani. Misafara ilisaidia kuukuza kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani, na hadi leo mtani anaruhusiwa kukuambia msibani, tena mbele ya watu, jambo ambalo ndugu yako asingethubutu. Watu wenye ruhusa ya namna hiyo ya kukemeana wakiamua kumkemea anayejisifu kwamba amepata "kabinti", sifa hiyo itageuka aibu kwa msimu mmoja. Mabango yamebandikwa miaka 30 na hayajaweza hilo.

Haya hayahitaji fedha nyingi wala sheria mpya. Vyama vya msingi vya tumbaku vina mikutano ya wanachama kabla ya malipo. Muuguzi wa zahanati apewe nusu saa humo. Wakandarasi wa reli wana mikutano ya usalama kazini. Mada hii iwekwe palepale kwenye kofia na mabuti. Vyama vya madereva vichague watu wao wa kuwafundisha wengine Igunga, Nzega na Isaka. Halmashauri ziwatake wenye gesti kuandika kila anayelala, kuweka kondomu mahali zinapoonekana na kubandika namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto kwenye mlango wa kila chumba, kwa ndani. Na zahanati zifunguliwe walau jioni mbili kwa wiki, kwa maana dereva haegeshi lori saa nne asubuhi kwenda kueleza ugonjwa wa zinaa. Wakurugenzi wa halmashauri za Tabora na waganga wakuu wa wilaya wanaweza kuanza haya kabla ya soko lijalo la tumbaku kufunguliwa. Nawaomba waanze.