Nani Ashike Ufunguo wa Ghala?

Mwanzoni mwa mwezi wa Julai, 2023, Tume ya Uchunguzi ya mambo ya Posta ya Uingereza ilikuwa tayari mjini London kumsikiliza shahidi aliyengojewa kwa hamu kubwa. Shahidi huyo ni Gareth Jenkins, aliyekuwa fundi wa kampuni ya Fujitsu, ambaye maneno yake juu ya kompyuta za Posta yalikuwa yametumika mahakamani kuwatia watu hatiani. Siku yake ilipokaribia, usiku, saa nne ikiwa imekwisha kupita, mawakili wa Posta waliiarifu Tume kwamba ziko nyaraka zaidi ya 4,700 ambazo huenda zikahusika na ushahidi huo, na ambazo Tume haijaziona. Mwenyekiti, Sir Wyn Williams, hakuwa na njia nyingine ila kuahirisha.

Ikapangwa shahidi aje Novemba. Novemba ilipofika, ikadhihirika kwamba katika mtambo wa zamani wa barua pepe wa Posta mna barua 363,000 ambazo zilikuwa bado hazijapekuliwa kwa ajili ya Tume. Shahidi akaahirishwa tena. Alipoketi kitini hatimaye ilikuwa ni mwisho wa Juni, 2024. Takriban mwaka mzima ulipotea, wala haukupotezwa na moto, wala mafuriko, wala mchwa waliokula majalada. Ulipotezwa na upekuzi wa barua zilizokuwako.

Mwanachama au mfanyakazi anayesoma ukurasa huu ana haki ya kuuliza: barua za Waingereza zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu waliodhulumiwa ni watu wa kazi, na aliyewadhulumu ni shirika la umma, ambalo mwenye hisa zake zote ni Serikali. Zatuhusu pia kwa sababu siku hizi kazi ya mtu, mshahara wake na sifa yake vimo ndani ya kompyuta za bwana wake, na siku ya ugomvi ni huyo huyo bwana anayeambiwa akatafute ushahidi ghalani mwake.

Tukumbushe kisa chenyewe kwa ufupi. Tangu mwaka 1999 Posta ya Uingereza iliweka katika ofisi zake ndogo mtambo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Ofisi hizo nyingi ni maduka ya kawaida yenye kaunta ya posta, na wasimamizi wake walifungwa na mkataba uliowataka kulipa wenyewe upungufu uliotokana na uzembe au makosa yao. Posta iliwadai karibu kila upungufu uliotokea. Mtambo ukasema fedha zimepungua. Msimamizi akihesabu, akirudia kuhesabu, haoni zilikokwenda. Wengine waliuza nyumba. Wengine walikopa kwa jamaa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya mwaka 1999 na 2015, na yapata 700 kati yao walishitakiwa na Posta yenyewe. Maana sheria ya Uingereza iliiruhusu kuwa mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashitaka kwa pamoja. Jalada la kwanza la ripoti ya Tume, lililotolewa tarehe 8 Julai, 2025, lasema kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa ajili ya mambo haya.

Wengi wa wasimamizi hao wameeleza kwamba walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa kila mmoja yu peke yake, hakuna mwingine mwenye shida kama yake. Chama chao nacho hakikuwafaa kitu; Jaji Fraser, aliyeamua kesi yao mwaka 2019, aliona kwamba chama hicho hakikuwa huru mbele ya Posta. (Chama cha wafanyakazi kinacholishwa na mwajiri! Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa zaidi.) Kwa hiyo watu hawa hawakuwa na ofisi yao, wala kabati lao, wala karani wao wa kumbukumbu. Ushahidi uliokuwako, pamoja na ule uliowahusu wao wenyewe, ulikuwa katika mikono ya aliyewashitaki.

Sasa tuingie ghalani. Watu hudhani kwamba kutafuta barua pepe za zamani ni kazi ya mashine: unabonyeza, zinatoka zote. Sivyo hata kidogo. Mtu huchagua kwanza ni masanduku ya nani yatakayofunguliwa, na ya nani yataachwa. Kisha huchagua miaka. Kisha huandika orodha ya maneno ya kutafutia, na mashine humletea zile barua tu zenye maneno hayo. Baadaye wasomaji walioajiriwa huzipitia, wakaamua ipi yahusika na ipi haihusiki. Mlangoni pa kila hatua amesimama mtu anayeamua, na katika kisa hiki aliyelipa mishahara ya walinda milango ni Posta.

Tazameni jambo la maneno. Waingereza hulipa kosa lililojificha ndani ya kompyuta jina la mdudu. Mwaka 2013 mkuu wa Posta wa wakati ule, Paula Vennells, hakulipenda neno hilo, kwa kuwa liliwatia watu hofu. Akamwuliza mumewe, aliyekuwa na ujuzi wa kompyuta, ampatie neno lisilochoma moyo. Naye akampa maneno mawili yenye maana ya jambo lisilo la kawaida tu. Barua yenyewe ilionyeshwa mbele ya Tume, na watu wakacheka. Sisi hatukucheka sana. Mpekuzi anayekuja miaka kumi baadaye akaiambia mashine imtafutie wadudu, atawapata wapi, ikiwa wakubwa walikwisha kuwabadilisha jina? Barua ipo, imelala salama ghalani, wala hakuna aliyeichana. Lakini haiitiki, kwa kuwa imeitwa kwa jina lisilo lake.

Liko na jambo la viambatisho. Barua pepe mara nyingi ni bahasha tu, nayo yasema mistari miwili: tafadhali pokea karatasi hii. Jambo lenyewe limo katika karatasi iliyofuatana nayo. Ikiwa wapekuzi hutoa karatasi moja moja iliyojibu maneno yao, na kuziacha zilizofungamana nayo, basi Tume itapewa bahasha bila barua, au barua bila bahasha. Na nakala nazo zina hatari yake. Mashine hutupa nakala zilizofanana ili kupunguza kazi, na kwa mtu wa haraka hilo ni jema. Walakini karatasi moja iliyopelekwa kwa wakubwa watano ni ushahidi wa mambo matano, yaani kwamba kila mmoja wao aliipata. Ukibakiza nakala moja bila kuandika zile nne zilikuwa za nani, umewapa watu wanne nafasi ya kusema hawakujua. Mambo haya matatu, maneno, viambatisho na nakala, ndiyo yaliyojadiliwa wakati Tume ilipofanya kikao maalumu tarehe 4 Julai, 2023, kuuliza kwa nini nyaraka haziji.

Na kilichoifanya Tume ikae kikao kile chatugusa sisi Waafrika. Mnamo Mei, 2023, mwananchi mmoja wa Uingereza, kwa kutumia sheria inayompa raia haki ya kuomba habari za mashirika ya umma, alipata mwongozo uliotumiwa na wapelelezi wa Posta. Ndani yake mlikuwa na orodha ya kuwapanga washukiwa kwa rangi na asili zao, kila aina na namba yake; na Waafrika pamoja na watu wa visiwa vya Karibi waliwekwa chini ya neno lile la kale la dharau, la zama za kupima mafuvu ya vichwa. Huu si mwongozo wa karne ya 19. Ulitumika katika karne hii, wakati Posta ikiwaburuta watu mahakamani. Posta iliomba radhi na kusema lugha ile ni ya kuchukiza, na ni kweli. Lakini twauliza: imekuwaje raia mmoja, bila wakili wala bajeti, aliomba kwa barua akapewa, na Tume yenye nguvu za sheria haikuwa nao katika mafungu ya nyaraka iliyopewa?

Hatusemi kwamba kila karatasi iliyochelewa ilifichwa. Haki yataka tuseme yale yaliyo ya kweli kwa upande wa pili. Posta ilitenganishwa na shirika la Royal Mail mwaka 2012, na kumbukumbu zikagawanyika. Mitambo ya barua ilibadilishwa mara kadha. Nyaraka za kupekuliwa ni mamilioni, na miongoni mwake zimo habari za maradhi ya makarani na mambo mengine ambayo si haki kuyaanika. Kazi ni kubwa, na watu waliopewa kuifanya huenda wengi wao ni watu waaminifu. Lakini uaminifu wa mtu mmoja mmoja hauwezi kuwa kinga pekee ya haki. Na historia ya shirika hili haitupi ruhusa ya kuliamini kwa macho yaliyofumbwa.

Maana ghala hili liliwahi kuguswa. Tarehe 15 Julai, 2013, wakili Simon Clarke, aliyekuwa akiifanyia Posta kazi, aliiandikia kwamba ushahidi wa yule fundi Jenkins usingeweza tena kutegemewa, kwa kuwa alijua habari za kasoro za mtambo na hakuzitaja mahakamani. Posta ikaanzisha mikutano ya kila wiki ya simu ili kasoro zote zikusanywe mahali pamoja. Haukupita mwezi, wakili yule yule akalazimika kuandika ushauri wa pili, wa tarehe 2 Agosti. Safari hii alieleza kwamba amearifiwa kuwa kumbukumbu za mkutano mmojawapo, zilizokwisha kupigwa chapa na kupelekwa kwa barua pepe, zilitolewa amri ziharibiwe. Akawaonya kwamba jambo hilo ni kinyume cha wajibu wa mwendesha mashitaka. Ushauri wake wa kwanza haukufika mikononi mwa mawakili wa waliofungwa mpaka Novemba, 2020, mbele ya Mahakama ya Rufani. Miaka saba! Katika miaka hiyo wapo waliokufa na jina la mwizi juu yao.

Sir Wyn Williams alipochoshwa na ahirisho la Julai, alitangaza kwamba kuanzia hapo angeidai Posta nyaraka kwa hati za kifungu cha 21 cha Sheria ya Tume za Uchunguzi ya mwaka 2005. Hati hiyo si ombi. Asiyeitii bila sababu ya haki ametenda kosa la jinai, na kifungu cha 35 cha sheria hiyo humtia hatiani pia anayeficha au kuharibu ushahidi kwa makusudi. Mwenyekiti alifanya vema. Ila alichelewa, nasi twasema hivyo bila kumvunjia heshima. Tume yake ilikuwa imepewa nguvu hizo tangu Juni, 2021. Kwa miaka miwili ilitegemea zaidi hisani ya mtu anayechunguzwa, kama hakimu anayemtuma mshitakiwa nyumbani akalete mwenyewe panga lililotumika.

Maoni yetu ni haya. Siku tume ya uchunguzi inapoundwa, jambo la kwanza kabla ya kuitwa shahidi yeyote liwe kuchukua nakala kamili ya ghala la barua pepe la shirika linalochunguzwa, mitambo mipya na ya zamani, na kuitia katika mikono ya tume. Wapekuzi wawe wa tume, walipwe na tume, waape mbele ya tume. Shirika lipewe nafasi ya kusema ni barua zipi za siri ya wakili wake au za maradhi ya watumishi, na tume iamue. Orodha ya maneno ya kutafutia isitungwe na mawakili wa wakubwa peke yao. Iwekwe wazi, na walioumizwa wapewe haki ya kuongeza maneno yao, kwa kuwa wao ndio wanaojua mambo yaliitwaje kaunta, na yaliitwaje kwenye simu usiku hesabu zilipokataa kulingana. Karani wa kaunta hajui kanuni za kompyuta, lakini anajua jina la mtu aliyempigia simu na neno alilotumia. Hilo ndilo neno la kuanzia.

Tutaambiwa kwamba ni ghali. Ni kweli. Lakini Posta ilitumia fedha nyingi sana kwa mawakili katika kupambana na wasimamizi 555 walioishitaki. Na wasimamizi hao walipopatana nayo Desemba, 2019, kwa paundi milioni 57.75, sehemu kubwa ya fedha hizo ilimezwa na gharama za kesi kabla haijawafikia wenyewe.

Kuna barua moja tungependa msomaji aijue. Oktoba, 2010, Bibi Seema Misra, msimamizi wa posta ya West Byfleet, alitiwa hatiani kwa wizi wa paundi 74,000 hivi ambazo hakuziiba. Fundi Jenkins alikuwa shahidi katika kesi hiyo. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifungo cha miezi 15, akaingia gerezani akiwa na mimba. Habari za kutiwa kwake hatiani zilipofika makao makuu ya Posta, mkurugenzi wa wakati ule, David Smith, alijibu kwa barua pepe fupi kwamba hizo ni habari njema sana, na akaomba watu waliofanya kazi ile wafikishiwe shukrani zake. Hukumu ya Bibi Misra ilifutwa mwezi wa Aprili, 2021, pamoja na za wenzake 38. Barua ile ilisomwa mbele ya Tume Aprili, 2024, na mwandishi wake akaomba radhi. Ilikuwa na umri wa miaka 13 na nusu.