Mnyoo Asiyepumua

Siku hizi sisi wa madarasa ya juu tumeshikwa na mchezo wa kompyuta uitwao Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, uliotolewa kwanza mwaka 2006. Ndani yake vibeti wa hadithi huchimba milima na kujenga ngome. Sisemi kwamba ni upuuzi. Utamu wake hasa ni kuwa viumbe wake wameandikwa katika faili za maandishi matupu, na kila ajuaye kusoma aweza kuongeza wake: ukubwa kwa sentimita za ujazo, viungo, ngozi, damu, hata joto litakalomuunguza.

Lakini tazameni minyoo wanaobuniwa na wenzetu! Kila mmoja ni mkubwa kama lori, ana meno safu tatu na sumu juu yake. Apumue vipi? Mtungaji huandika neno moja la kusema kiumbe huyu hahitaji pumzi, basi, shauri limekwisha. Mimi sikubali.

Nyungunyungu wa kweli hana mapafu. Hewa humwingia kwa ngozi yenye unyevu. Mrefushe na kumnenepesha mara 10: ngozi yake itazidi mara 100, lakini mwili utazidi mara 1,000. Ngozi haitatosha, naye atakufa kwa kukosa hewa. Yule mkubwa wa Gippsland, Australia, hufika kama mita moja, lakini hubaki mwembamba, tena hukaa katika udongo mbichi siku zote. Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya nyungunyungu mwaka 1881, akaonyesha jinsi wanavyougeuza udongo wa mashamba, wala hakuhitaji kuwatia meno.

Wengine watasema mchezo ni mchezo. Haya. Lakini wadogo wetu wa kidato cha kwanza, waliokwisha kuyaona mazimwi hayo, sasa huwakatakata nyungunyungu kwa jembe katika bustani ya mboga, wakidhani wana sumu. Na bustani hiyo ndiyo itulishayo.

Mimi nimeanza kumwandika wangu: urefu mita moja, unene wa kidole gumba, hana mfupa wala jino, na pumzi anaihitaji. Kazi iliyobaki ni joto la kumuua akitoka juani. Ajuaye hesabu hiyo na aje maktaba Jumamosi, baada ya usafi.