Pepo Anayetii Kashata

Wiki iliyopita mhubiri mmoja, aliyetufungulia spika mtaani tangu alfajiri, alitangaza kwamba mtoto anayepungapunga mikono au kujitikisa ovyo ameingiwa na pepo. Kisha ikasomwa namba ya kutuma sadaka.

Mtoto wa namna hiyo ninaye nyumbani: mjukuu wa dada yangu. Katuni ikianza husimama kwa ncha za vidole, mdomo wazi, viganja vikipigapiga hewa. Bibi yake huita, "Mume wangu, njoo ule kashata," na hapohapo mikono inashuka, mtoto huyo anakuja. Akimaliza kutafuna anarudi kwenye katuni, mikono inaanza upya. Sasa nauliza: pepo gani huyu anayetii kashata? Wa pale jukwaani tuliambiwa hatoki bila kufunga na kukesha. Huyu wetu anashindwa na nazi na sukari!

Madaktari wa watoto wanayajua haya. Mara nyingi huanza kabla ya miaka 3, na huja hasa mtoto akifurahi, akizama kwenye mchezo au akichoka, na akiitwa huacha. Watoto wengine wa aina hii wana usonji, wengine hawana tatizo lolote. Kupepesa macho na kukohoakohoa bila kikohozi ni jambo jingine, tiki. Hizo huanza kwa kawaida miaka 4 hadi 6, hukolea miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Daktari Georges Gilles de la Tourette alizieleza kule Ufaransa mwaka 1885, wala hakukemea mtu. Asiyesikia hata akiitwa, huyo apelekwe hospitali upesi, maana huenda ni kifafa. Na kifafa nacho, kule Mahenge miaka ya 1960, Dk. Louise Jilek-Aall alikitibu kwa vidonge.

Mtu ataniuliza, "Mbona mtoto wa jirani aliombewa akaacha kupepesa macho?" Tiki huja na kuondoka zenyewe. Mimi huombea mvua kila Machi, masika yanafika, na bado hakuna aliyeniita nabii.

Mwalimu wa chekechea wa mjukuu wetu yeye hana habari ya pepo. Amemfunga mikono kwa khanga, eti ajifunze adabu, na ada ya muhula ujao ameshatuma mtu kuidai.