Gauni jeusi lisitoke la kijivu: shika mwanga mwenyewe

Wadau wa Masoko na Tukuyu, mteja wa Dar haoni gauni, anaona picha. Mzigo ukifika una rangi nyingine, anadai hela yake, na nauli ya basi imekula kwako.

Wengi wanalaumu simu. Mimi nasema tatizo ni kuiachia simu iamue kila kitu. Kamera ikiwa otomatiki inataka picha yenye mwanga wa wastani, basi. Haijui unauza nini. Ndiyo maana gauni jeusi linatoka la kijivu, na shuka jeupe linatoka kama halijafuliwa.

Kama kamera yako ina sehemu ya Pro, ifungue. Shika vitu viwili tu. ISO: anza na 100. Ukiweka 200 picha inang'aa mara mbili, ila ukizidisha sana chengachenga zinaanza. Shata: 1/60 inaingiza mwanga karibu mara mbili ya 1/125. Ukishuka hadi 1/30, egemeza simu kwenye kitu, maana mkono ukitikisika picha inaharibika.

Huna Pro? Gusa bidhaa kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua: ishushe kwa nguo nyeusi, ipandishe kwa nyeupe.

Na mawingu yetu ya Rungwe tusiyalalamikie. Yanalainisha mwanga, vivuli vikali havipo. Pigia picha karibu na mlango.

Filta acha kabisa. Kabla ya kuposti, weka nguo pembeni ya simu ulinganishe. Rangi hazifanani? Piga tena.